Niliwataja kwa Rangi Zao

3 Juni

Yusta ameondoka alfajiri kwenda mafunzo ya JKT. Alilia pale stendi kama mtoto wa kunyonya. Mimi sikulia, nilikuwa na kikohozi.

Ameniachia daftari hili. Ati, "Bibi, hasira zako uwe unaziandika humu, mjomba Danford na mkewe wapumzike." Nikamwambia hasira zangu hazitoshi humo, angenunua kubwa zaidi. Lakini nimelichukua. Shuleni niliishia darasa la pili, baba akasema ng'ombe hawajichungi wenyewe. Kusoma nilikuja kujua kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na Harieth mgongoni, na nikawashinda wanaume wote wa darasa lile. Kwa hiyo atakayeona makosa humu ajue hakualikwa.

Mimi ni Nyamizi. Nakaa Bariadi, kwenye nyumba yangu, na Danford, kitinda mimba wangu, na mkewe Marcelina. Yusta ni mjukuu. Mama yake ndiye Harieth, binti yangu mkubwa, aliyefia leba. Ndiyo maana Yusta anataka kuwa mkunga. Amepata chuo, anaingia mwezi wa kumi. Ada yake ninayo. Ina miguu minne na inakula majani. Leo nimechoka, sisemi zaidi.

10 Juni

Jumanne ni siku yangu ya maktaba. Danford hunipakia kwenye bodaboda anayoendesha, pikipiki ya tajiri mmoja wa sokoni, halafu hunisubiri nje. Mwana mwema. Anajua naenda kusoma magazeti. Siendi kusoma magazeti.

Nieleze, maana daftari halina mdomo. Mume wangu alipokufa, ndugu zake walikuja udongo wa kaburi haujakauka, wakasimama mlangoni mwa zizi wakihesabu kwa vidole. Waliowaona waliwachukua. Wale niliokuwa nimewaweka kwa mzee Salu, huko Bukundi, wilayani Meatu, hawakuwaona. Ndiyo desturi yetu tangu mababu: ng'ombe wako wote wasilale zizi moja. Unawaweka kwa mtu, yeye anakunywa maziwa na kupata samadi, wewe unabaki na mali yako, na hakuna jirani anayejua una nini. Na aliyewekewa hatoi ng'ombe ovyo. Ukimtuma mjumbe, mjumbe anasimama zizini anawataja kwa rangi. Asipokwama, huyo ni mtu wako. Akikwama, anapewa maji ya kunywa na anaonyeshwa njia aliyojia.

Tangu wakati ule sijamwambia mtu. Anajua Yusta tu, maana ndiye aliyenifungulia imeli pale maktaba. Simu yangu ya kitochi inakaa jikoni. Ikilia, Marcelina anapokea, na ujumbe anausoma kabla yangu kisha ananiuliza nimwelezee. Sasa barua zangu zinakwenda kwa Josia, mwana wa Salu, mwalimu wa shule ya msingi hukohuko Bukundi. Na Josia ananitumia picha.

Leo nimewaona! Mwekundu mwenye kiraka cheupe begani, amenenepa. Mweusi mwenye mkia mweupe. Yule wa madoa kama kanga wa porini. Na wa majivu, pembe zimeinama kama anasikiliza. Nilicheka peke yangu mpaka watu wakageuka. Nikamwandikia Josia, nikimuuliza habari za mmoja mmoja kwa rangi yake, kama unavyosalimia watoto wa nyumba. Kuna wa tano, bikizee wa pembe moja, jicho lake moja limeharibika. Huyo sijawahi kumuuliza wala kumwomba picha. Mtu hasalimii aibu yake mbele ya watu.

Nilipomaliza nikabonyeza kitufe cha kuzima kioo, kikawa cheusi. Nikaondoka.

17 Juni

Kompyuta imeniuliza kama ningependa ilihifadhi neno langu la siri. Nikakubali. Ina adabu kuliko mkwe wangu.

Yule kijana wa maktaba, Hemed, ni mtu wa Tanga, anaongea kama anabembeleza mtoto alale. Amekuja akainama. "Shikamoo bibi yangu. Samahani, ukimaliza, ondoka kwenye akaunti kwanza. Kuzima kioo hakutoshi."

"Umeajiriwa kutunza vitabu," nikamwambia. "Kitabu gani kimekuita hapa?"

Watu wakacheka. Akarudi mezani kwake na tabasamu lake. Simwamini mtu anayetukanwa akatabasamu. Anataka kuona barua zangu.

24 Juni

Kukata viazi vitamu vya kuanika, vya michembe, kutwa nzima. Kisu kimenikata.

1 Julai

Leo Danford hakusubiri nje. Ameingia, ati anatafuta habari za mikopo ya vijana kwenye mtandao. Nilipoinuka akakaa kwenye kiti changu hakijapoa. Nikamwacha pale, nikapitia sokoni kununua chumvi. Nimefurahi. Mtoto anayetafuta mkopo mwenyewe, badala ya kumsumbua mama yake, ana akili.

8 Julai

Vumbi. Michembe yote nimeifunika kwa turubai. Marcelina ameomba ya kupeleka kwao, nikampa kidogo, akanuna.

15 Julai

Leo nimeacha kula katikati ya chakula, mimi ambaye sijawahi kuacha ugali sahanini.

Tulikuwa jikoni. Nimepika mlenda. Marcelina akautazama, akavuta mdomo, akasema, "Hivi na wenye ng'ombe wao Meatu nao wanakula mlenda kila siku?"

"Nani ana ng'ombe Meatu?"

"Si nimetoa mfano tu, mama."

"Mfano! Maswa haipo? Busega haipo? Umeona Meatu tu?"

"Jamani mama! Kula, ugali unapoa."

Danford alikuwa anakula, kichwa ameinamisha kwenye sahani. Nikamwambia, "Mwambie mkeo achunge mdomo." Akasema, "Marcelina, chunga mdomo." Hivyo hivyo, kama kasuku.

Siri yangu imetoka, na nyumbani haikutoka, maana nyumbani haikuwahi kuingia. Iko maktaba. Na maktaba kuna mtu mmoja aliyekuwa akiinamia kiti changu.

22 Julai

Nimemkomesha.

Niliingia nikasimama katikati ya chumba, watu wamejaa, wanafunzi, na yule bwana wa idara ya kilimo anayesoma magazeti bila kulipia. Nikasema kwa sauti, "Hemed! Wewe mla chumvi ya pwani, umeajiriwa kusoma barua za wazee?"

Akainuka taratibu. "Bibi, kuna nini?"

"Mali yangu inatajwa jikoni kwa mkwe wangu. Umeuza siri yangu kwa soda ya nani?"

"Bibi yangu, mimi nikiwa pale mezani siwezi kuona barua yako. Naapa."

"Kuapa ni kazi ya mwongo."

Hapo ndipo tabasamu lilipomtoka, na mimi nikaona nimeshinda. Akanivutia kiti. Akawasha kioo cha ile mashine ya dirishani ninayokaliaga. Hakuandika chochote, hakuandika hata herufi. Barua zangu zikatokea. Josia, Josia, Josia, na ng'ombe wangu wote kwenye picha, mbele ya wanafunzi.

"Umeona, bibi? Mimi sijui neno lako la siri. Kompyuta ndiyo inalijua, uliiruhusu ilihifadhi. Kuzima kioo ni kama kufunga macho. Aliyekaa hapa baada yako, yeye amefungua yake."

"Kwa hiyo nani alikaa?"

"Hiyo siiandiki, bibi. Watu hapa wanakuja kusoma, siwachungi. Ila naweza kukuonyesha namna ya kuondoka. Na kuna dirisha la faragha, ukilitumia kisha ukalifunga halibakizi kitu."

Nilisimama nikaondoka. Nilikuwa nimekwisha kumtukana mbele ya watu, na sikuona pa kurudia. Nikamwambia Danford nje kwamba yule mtu wa Tanga ni mwizi. Danford akasema, "Achana naye mama, hao ndivyo walivyo." Akaniinua kwa mkono nipande pikipiki, taratibu, kama yai.

Barua zangu nimeziacha pale wazi. Nimekumbuka sasa ninapoandika.

29 Julai

Sikwenda. Nitakwenda kufanya nini?

5 Agosti

Danford amenunua bajaji!

Amesema mkopo wa vijana umetoka. Nilisikia honi uani nikadhani ni mgeni. Bajaji mpya, ya bluu, nailoni bado iko kwenye viti. Akanishika mkono akanizungusha nyuma. Amekwisha kumtafuta mchoraji, maandishi makubwa meupe: ASANTE MAMA.

Nilikaa chini hapohapo kwenye vumbi nikalia. Sina kikohozi, nililia tu. Marcelina naye alilia, sijui yeye alilia nini. Nikachota maji kinywani nikaitemea baraka ile bajaji, gurudumu moja moja, kama mama yangu alivyofanyia majembe kabla ya mvua. Majirani walikuja kuangalia. Mzee Thomasi, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akasema, "Nyamizi, umezaa."

Kweli nimezaa.

12 Agosti

Sijui niandike vipi. Naandika jinsi ilivyokuwa.

Nilikwenda maktaba kwa bajaji ya mwanangu. Nilitaka nimwonyeshe Hemed, apite anione nashuka, ajue mimi si bibi wa kutembea. Nikaingia bila kumsalimia. Nikakaa. Kulikuwa na barua mpya ya Josia. Ninaijua kwa moyo:

"Bibi Nyamizi, mwangaluka. Natumaini kaka Danford alifika salama na ng'ombe wote wanne. Baba alisikitika kuwaaga lakini amefurahi kwamba ada ya Yusta imekamilika mapema. Mungu akuzidishie. Josia."

Niliisoma tena, nikidhani sijui kusoma. Nikaisoma kwa kidole.

Nikamwita Hemed. Sikumwita kwa jina, nilisema "Baba, njoo." Akaja mbio, nadhani uso wangu ulimwambia. Akasoma. Akakaa kwenye kiti cha pembeni, akashika kile kipanya, akasema, "Naomba ruhusa yako nitafute, bibi." Ananiomba ruhusa! Mwanangu hakuniomba.

Kwenye barua zilizotumwa hakukuwa na kitu. Akafungua sehemu nyingine, ya takataka, akasema mtu akifuta barua bado inakaa humo siku kadhaa. Ilikuwapo. Imetoka kwangu, jina langu liko juu. Imeandikwa Jumapili, tena asubuhi, wakati mimi niko kanisani naimba.

"Jumapili tunafunga," Hemed akasema. "Huyu alikwisha kuliona neno lako la siri hapa, akalichukua. Ameandikia mahali pengine, labda kwenye simu."

Nikamwambia aisome kwa sauti ndogo, macho yangu yalikuwa yamejaa. Ilisema: Josia, mimi bibi Nyamizi namtuma mwanangu Danford, mpeni ng'ombe wanne, tunauza kwa ajili ya ada ya Yusta. Anawajua. Usinipigie simu, simu yangu mbovu. Na ukipata barua hii usinijibu mpaka nikuandikie. Josia ni kijana mwenye heshima, ameshindwa kunyamaza, akanitakia heri.

Anawajua. Ndiyo, anawajua. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kila Jumanne nimekaa pale nikiandika mwekundu wa kiraka begani, mweusi wa mkia mweupe, wa madoa ya kanga, wa majivu. Yale ambayo mjumbe anapaswa kuyabeba kichwani nimeyaacha mezani kwa yeyote anayejua kuwasha kioo. Mkono wangu ndio uliofungua zizi.

Hemed aliniletea maji. Nje honi ikalia. "Mama! Maliza tuondoke, nina abiria!"

Nikatoka. Yuko pale anafuta kioo cha bajaji kwa kitambaa, anapiga mluzi. Nikapita pembeni yake.

"Mama, vipi? Panda."

"Nitatembea. Miguu yangu bado hujaiuza."

Kitambaa kilimdondoka. Hakuuliza nina maana gani.

13 Agosti

Nimemwita uani, nikakaa kwenye kigoda, yeye nikamwacha asimame.

"Nieleze."

"Mama, barua zilikuwa wazi. Mimi nilikaa kutafuta mkopo, nikawasha, nikaona jina lako. Nikadhani labda unaumwa, unatuficha."

"Ukasoma ukaona siumwi. Ukaendelea kusoma."

Akakwangua ardhi kwa kidole cha mguu.

"Mkopo?"

"Walininyima."

"Na Jumapili niko kanisani nakuombea, wewe uko chooni na simu unajifanya mimi."

"Mama, ng'ombe wanne!" Sasa akapandisha sauti, na ndivyo nilivyojua hajutii. "Mimi naendesha pikipiki ya mtu miaka yote, kifua kimejaa vumbi, jioni namkabidhi hela yake nabaki na ya unga. Na wewe una ng'ombe wanne Bukundi! Chumvi unaniambia mimi ninunue! Baba alipokufa nilikuwa mdogo, mlisema tumebaki maskini. Nimekua nikiamini sisi ni maskini. Ulinificha mimi, mwanao wa kuzaa, ukamwambia mjukuu."

Neno hilo lilinipata, sitaki kudanganya. Lakini nikamwambia, "Ni ada ya Yusta. Mama yake alikubeba mgongoni."

"Yusta ataolewa aende zake. Mimi ndiye nitakayekuzika."

"Naona. Ndiyo maana umeanza mapema."

Marcelina akatoka jikoni na mwiko. "Mama, jamani, mali ni ya nyumba hiihii. Bajaji si inatulisha wote?"

"Wewe ulijua."

"Niliambiwa na mume wangu. Ningefanyaje?"

"Ungeula mlenda ukanyamaza."

19 Agosti

Nimekwenda Bukundi kwa basi, nauli yangu, sikumwambia mtu. Ukame umekula kila kitu njiani, ng'ombe wa watu wanatembea na mbavu nje.

Mzee Salu alinisubiri zizini amevua kofia. Josia alikuwa pembeni, hawezi kuniangalia.

"Mayu, mama yangu," Salu akasema, "alisimama hapo uliposimama. Akawataja. Hakukwama hata kidogo. Nikajiambia, huyu katumwa na mwenyewe."

"Bibi, barua ilitoka kwako," Josia akasema.

"Ilitoka kwenye jina langu. Mimi nilikuwa kanisani."

Salu akasema ng'ombe wametoka mkononi mwake, kwa hiyo atanilipa kwa ng'ombe wake. Nikakataa. Mwizi hakuwa wake, alikuwa wangu, nilimnyonyesha mimi.

 Halafu mzee akapiga mluzi kuelekea kichakani, na akatoka taratibu, anachechemea, pembe moja, jicho moja jeupe kama uji. Bikizee. Nyuma yake dume lake kubwa, shingo nene, ambalo hata sikujua limekua hivyo.

"Huyu hakumtaja," Salu akasema. "Nilimuuliza, umemaliza? Akasema hao ndio wote. Nikaona huyu mjumbe maneno yake yameishia njiani. Sikumwambia kitu. Asiyetajwa hatoki."

Niliomba picha za wale wazuri na kuwaulizia. Huyu niliyemwonea aibu ndiye aliyebaki, na mwanawe, na tena ana mimba. Nikamshika ile pembe. Akanipiga kwa kichwa.

26 Agosti

Kila asubuhi napanda bajaji ya Danford na kukaa kiti cha nyuma. Abiria akiingia namwambia, "Karibu. Kiti ulichokalia ni yule mwekundu wa kiraka begani. Honi ni wa majivu. Aliwaiba mama yake." Wengi wanashuka. Mmoja leo alilipa akashuka.

Danford amesema, "Mama, unaniua."

Nikamwambia atanizika kwanza.

28 Agosti

Hemed kasema kuandika kwa jina la mtu ni jinai, polisi wanapokea. Nilikwenda. Nilifika getini. Askari akaniuliza, "Bibi, unamshitaki nani?" Nikafungua kinywa nikamwona Danford akiwa mtoto, na kaptura ya shule iliyochanika matakoni. Nikasema nimepotea njia.

2 Septemba

Yusta amerudi kutoka JKT, mweusi, mwembamba, anatembea kama askari. Nilikuwa nimejiandaa namna ya kumwambia. Marcelina alimwambia kabla hajaweka begi chini.

Aliingia chumbani kwangu akafunga mlango. "Bibi, si nilikwambia uondoke kwenye akaunti?"

"Uliniambia. Na Hemed aliniambia."

"Kwa nini hukusikia?"

"Kwa sababu nilidhani adui ni mtu wa Tanga."

Hakulia. Alikaa kitandani akiangalia buti zake. Akauliza, "Basi siendi?"

"Nani kasema huendi?" nikamfokea. Nimemfokea mtoto ambaye hana kosa.

9 Septemba

Kikao cha ukoo. Mzee Thomasi amesema mtoto hamwibii mama yake, anatangulia tu kuchukua chake. Wote wakatikisa vichwa kukubali, hata dada zangu. Nikauliza, "Basi niambieni, amwibie nani ili awe mwizi?" Wakaniambia nipunguze mdomo.

Thomasi huyuhuyu ndiye aliyesimama mlangoni mwa zizi akihesabu kwa vidole. Nimekumbuka leo.

Danford ameahidi mbele yao kwamba kila wiki atamtolea Yusta kitu. Aliahidi akinitazama machoni. Zamani ningeamini macho hayo.

23 Septemba

Danford hajatoa kitu.

Nimekuta daftari hili limehamishwa, liko upande wa mto ambao siliweki. Kwa hiyo sikia, wewe unayesoma bila kualikwa: bikizee hayupo tena Bukundi. Alipo siandiki. Niliwahi kusema daftari halina mdomo. Kompyuta nayo niliiona haina.

30 Septemba

Nimekwenda maktaba na mfuko wa michembe. Nikauweka juu ya meza ya Hemed.

"Ya nini, bibi?"

"Unatafuna. Kwenu Tanga hamna meno?"

Akaelewa, hakunilazimisha kusema lile neno la kuomba radhi. Akanifundisha. Kwanza tulibadilisha neno la siri. Aligeuza uso ukutani mimi nikiandika, bila kuambiwa. Kisha tukaiambia kompyuta isahau la zamani. Kisha dirisha la faragha, jeusi, ambalo halibakizi kitu. Mwisho, kuondoka: unabonyeza, unasubiri, unahakikisha. Nilimwambia arudie mpaka akachoka, na hakuonyesha kuchoka.

Kiti cha pili mama mmoja mtu mzima alikuwa anaangalia majibu yake ya hospitali. Akamaliza, akazima kioo, akainuka. Nikamshika mkono wa gauni. "Kaa chini! Unaacha mlango wazi unakwenda wapi?" Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia, "Mimi ni mtu aliyezima kioo." Nikamkalisha.

7 Oktoba

Dume la bikizee limeuzwa mnadani. Josia ndiye aliyelipeleka, nami nilisimama pale mpaka mwisho, hela ikatoka mkononi mwa mnunuzi ikaingia mkononi mwangu. Ya kumwingiza Yusta chuoni imetosha. Ya mwakani haijulikani.

Leo ameondoka. Danford alikuwa amesogeza bajaji mlangoni tangu asubuhi, ameiosha. Akashika begi la Yusta. "Nakupeleka stendi, mjomba. Bure."

Yusta akaniangalia. Nilimwachia aamue. Akalichukua begi kutoka mkononi mwake, kwa adabu, kwa mikono miwili. "Asante mjomba. Tutatembea na bibi."

Tukatembea. Danford alitufuata nyuma polepole mpaka barabara ya lami, kisha akapata abiria akatupita. Yale maandishi meupe nikayasoma mpaka yakaishia kwenye vumbi. Mate yangu yako kwenye magurudumu yale na sijui yanaondolewaje.

Stendi Yusta hakulia. Mimi nililia.

21 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha jana, mchanga wote unanukia. Marcelina amepanda mahindi upande wake, mimi upande wangu. Danford ananisalimia, naitikia. Chakula napika changu.

Maktaba nimekwenda kwa miguu. Nikafungua lile dirisha jeusi, nikaandika neno langu la siri, Hemed akageukia ukuta. Barua ya Josia ilikuwapo:

"Bibi, mwangaluka. Huko ulikomhamishia, bikizee amezaa jana kwenye mvua, ndama jike, anasimama vizuri. Ni mzuri mno, hujawahi kuona. Nikutumie picha? Nikueleze alivyo?"

 Vidole vyangu vilitaka. Nilijua kabisa jinsi ambavyo ningecheka, watu wote wakageuka. Nikaanza kuandika: kichwani yukoje? Miguu ya mbele je? Nikafuta herufi moja moja mpaka pakabaki peupe.

Nikaandika: Josia, wabeja sana, asante kwa habari. Usinitumie picha. Rangi yake usiniambie. Nitakuja kumwona mwenyewe.

Nikatuma. Nikabonyeza kuondoka. Nikasubiri mpaka kompyuta ikaniuliza mimi ni nani, kama haijawahi kuniona. Ndipo nikainuka.